Jedwali la Wafalme: Misingi ya Usanifu wa Kanzidata na Aina za Data katika Kumbukumbu za Kilwa na Pwani ya Lindi

Ikisiri

Kanzidata huelezwa mara nyingi kama ufundi mgeni uliokuja pamoja na kompyuta. Makala haya yanazichunguza dhana za msingi za usanifu wake, yaani jedwali, rekodi, uga, ufunguo, uhusiano na aina za data, kwa kuzipima katika kumbukumbu za Kilwa na pwani ya Lindi: masimulizi ya wafalme, sarafu, mkataba wa biashara ya watumwa wa mwaka 1776 na mifupa ya Tendaguru. Hoja kuu ni kwamba uamuzi wa kiufundi kuhusu aina ya data ni uamuzi wa kihistoria pia. Anayeamua uga gani uwepo, na upokee thamani ya namna gani, huamua vilevile nani atakumbukwa kwa jina, nani atabaki idadi, na shaka ipi itageuzwa kuwa uhakika.

1. Utangulizi

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu wa hisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala yaliyobadilisha namna ya kuhifadhi taarifa katika kompyuta. Kabla yake, mtu aliyetaka kupata taarifa alilazimika kujua imewekwa wapi na njia ipi inafika hapo, mithili ya mgeni anayetafuta nyumba katika mji usio na majina ya mitaa. Codd alipendekeza taarifa zipangwe katika majedwali, na kila jedwali liungane na lingine kwa thamani zilizomo ndani yake, si kwa mahali lilipohifadhiwa. Mwaka 1976 Peter Chen aliongeza njia ya kuchora mpango huo kabla ya kuujenga: kwanza yaainishwe mambo yanayohusika, kisha sifa za kila moja, kisha mahusiano baina yake.

Mafunzo ya awali ya somo hili hutumia mifano ya duka, wateja na ankara. Mifano hiyo inafaa, lakini huficha ugumu mmoja: mteja wa dukani yupo hai na anaweza kuulizwa jina lake ni nani. Wafalme wa Kilwa hawaulizwi. Wamebaki katika karatasi zilizonakiliwa na kunakiliwa tena, katika sarafu zilizolika kutu, na katika maandishi ya wageni. Kwa sababu hiyo kumbukumbu zao ni kipimo kikali zaidi cha misingi ya usanifu. Mpango wa kanzidata unaoweza kubeba historia ya Kilwa bila kuipotosha utabeba pia leja ya duka, lakini si lazima kinyume chake kiwe kweli.

2. Istilahi na asili zake

Kiswahili kina istilahi mbili zinazoshindana kwa dhana hii, *hifadhidata* na *kanzidata*. Ya kwanza husisitiza kitendo cha kuhifadhi. Ya pili hutumia neno la kale *kanzi*, lenye asili ya Kiarabu na maana ya hazina. Makala haya yanatumia *kanzidata* kwa sababu hazina, tofauti na ghala tupu, ina mwenye kuilinda na utaratibu wa kuifungua.

Maneno mengine ya fani hii yana umri mkubwa kuliko kompyuta. *Daftari* limefika pwani kwa njia ya Kiarabu na Kiajemi kutoka neno la Kigiriki lililomaanisha ngozi iliyotengenezwa. *Jedwali* latokana na neno la Kiarabu ambalo humaanisha pia mfereji mdogo wa maji, na sura hiyo inasaidia kuielewa dhana yenyewe, kwani taarifa za aina moja hupita katika mfereji mmoja. *Tarehe* na *tarikhi* ni watoto wa neno moja la Kiarabu lenye maana ya kuweka wakati na maana ya historia pia. Mzungumzaji wa Kiswahili anapoandika tarehe juu ya barua, anatumia neno ambalo babu zake walilitumia kwa kitabu kizima cha habari za wafalme.

Jedwali huundwa kwa safumlalo na safuwima. Kila safumlalo ni rekodi moja, yaani taarifa za jambo moja: mtu mmoja, sarafu moja, hati moja. Kila safuwima ni uga, yaani sifa inayoulizwa kwa kila rekodi. Uga katika Kiswahili cha kawaida ni kiwanja kilicho wazi mbele ya nyumba. Katika kanzidata uga hauko wazi kwa kila apitaye, bali una masharti, na sharti lake la kwanza ni aina ya data: matini, namba kamili, namba ya desimali, tarehe, au thamani ya mantiki yenye majibu mawili tu, ndiyo na hapana.

Jedwali Na. 1 linaonesha aina hizo kwa mifano itakayorejewa katika sehemu zinazofuata.

Jedwali Na. 1: Aina za data na mifano yake

| Uga | Aina ya data | Mfano |
|---|---|---|
| Jina kwenye sarafu | matini | Ali bin al-Hasan |
| Namba ya hati | matini | Or. 2666 |
| Idadi ya watu kwa mwaka | namba kamili | 1000 |
| Urefu wa utawala (miaka) | desimali | 4.5 |
| Siku ya mkataba | tarehe | 14 Septemba 1776 |
| Je, sarafu ina mwaka? | mantiki | hapana |

Mstari wa pili wahitaji maelezo. Or. 2666 ni alama ya nakala ya Kiarabu ya masimulizi ya Kilwa iliyohifadhiwa London. Ndani yake mna tarakimu, lakini hakuna mtu atakayeijumlisha na nyingine wala kuigawa kwa mbili. Kitu kisichofanyiwa hesabu si namba hata kikiandikwa kwa tarakimu. Ni jina, na aina yake ni matini. Kanuni hiyo ndogo huwaokoa wanafunzi wengi na makosa, kwa mfano kupoteza sifuri iliyo mwanzoni mwa namba ya simu.

3. Mtu, jina na ufunguo

Masimulizi ya wafalme wa Kilwa yametufikia kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kitabu cha Kiarabu kiitwacho *Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kilwa*, ambacho nakala yake iliandikwa Zanzibar mwaka 1877 na kuchapishwa na Arthur Strong mwaka 1895. Ya pili ni muhtasari wa Kireno ulioingizwa na João de Barros katika historia yake iliyochapishwa mwaka 1552. Njia hizo mbili zinakubaliana katika mengi na kutofautiana katika mengi. Msanifu anayetaka kuziweka pamoja hukutana mara moja na swali la ufunguo.

Ufunguo mkuu ni thamani inayoitambulisha rekodi moja bila kuichanganya na nyingine. Masharti yake ni matatu: usirudiwe, usikosekane, usibadilike. Mtu asiye na uzoefu atachagua jina la mfalme. Kilwa inamkatalia. Jina al-Hasan bin Sulaiman ni la mfalme mmoja wa ukoo wa awali, na ni jina vilevile la mtawala wa ukoo wa Mahdali wa karne ya 14. Majina hayo mawili yakiwa ufunguo, ama mfumo utakataa rekodi ya pili, ama watu wawili watayeyushwa kuwa mmoja.

Tatizo la kinyume ni gumu zaidi. Huyo al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14 ana majina mengi. Sarafu zake zinamwita kwa jina na nasaba. Masimulizi yanamtambua kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anamtaja kwa kunia ya Abu al-Muzaffar na kueleza kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Maandishi ya jiwe yaliyopatikana katika magofu ya Husuni Kubwa yanampa cheo cha al-Malik al-Mansur. Aliyejenga kanzidata kwa kunakili kila jina kama rekodi mpya atajikuta na wafalme wanne pale alipokuwapo mmoja.

Usanifu unalitatua jambo hili kwa kutenganisha majedwali mawili. Jedwali la *Mtu* lina ufunguo usio na maana yoyote, namba ya mfululizo tu, ambayo haitegemei jina. Jedwali la *Jina* lina rekodi nyingi kadiri majina yalivyo, na kila rekodi hubeba namba ya mtu anayehusika pamoja na chanzo cha jina hilo. Namba hiyo, ikiwa ndani ya jedwali la pili, huitwa ufunguo mgeni, kwa kuwa kwao ni katika jedwali la kwanza. Uhusiano wa namna hii ni wa mmoja kwa wengi: mtu mmoja, majina mengi. Utaratibu huu unafanana na elimu ya majina ya Kiislamu iliyojulikana pwani kwa karne nyingi, ambamo jina, kunia, nasaba, nisba na lakabu havikuchanganywa, kwa kuwa kila kimoja kilijibu swali lake.

Hata hivyo mtu na utawala wake si kitu kimoja. Masimulizi yanaeleza kwamba al-Hasan bin Sulaiman wa awali alitolewa madarakani na watu wa Shagh, akaenda Zanzibar, kisha akarejeshwa Kilwa. Ni mtu mmoja mwenye tawala mbili. Dawud, ndugu wa Abu al-Mawahib, alishika madaraka kwa niaba wakati kaka yake akiwa safarini kuhiji, na baadaye akatawala kwa haki yake. Jedwali lenye uga mmoja wa mwanzo wa utawala na mmoja wa mwisho haliwezi kuyabeba maisha hayo. Panahitajika jedwali la tatu, la *Utawala*, lenye ufunguo mgeni wa mtu, mahali, hadhi (mfalme au naibu) na mpangilio. Mgawanyo huu wa taarifa, ili kila jambo liandikwe mahali pamoja tu na kila jedwali lizungumzie jambo moja tu, ndio unaoitwa urekebishaji wa majedwali. Faida yake huonekana siku ya kusahihisha, ambapo kosa hurekebishwa mara moja, wala si katika kurasa kumi.

4. Tarehe, muda na thamani tupu

Mwandishi wa masimulizi ya Kiarabu hakutuachia jina lake, lakini alituachia siku yake ya kuzaliwa, iliyoangukia mwezi wa Shawwal mwaka 904 wa Hijria. Mwaka huo ulianza Agosti 1498 na kwisha Agosti 1499. Angeandika mwaka peke yake, asingejulikana kama alizaliwa 1498 au 1499. Kwa kuwa alitaja Shawwal, mwezi wa kumi, ni hakika kuwa ilikuwa 1499. Hapa panaonekana kwa nini tarehe ni aina ya data yenye kanuni zake na si maneno tu: ina kalenda, ina kiwango cha usahihi, na hubadilishwa kutoka kalenda moja hadi nyingine kwa hesabu.

Mambo ni tofauti kwa wafalme wa mwanzo. Kwao masimulizi hayana desturi ya kutoa siku, bali hutoa urefu: huyu alitawala miaka arobaini, yule miaka minne na nusu. Urefu wa wakati na nukta ya wakati ni aina mbili za data. Muda unaweza kujumlishwa na muda mwingine. Tarehe haijumlishwi na tarehe. Anayetaka kupata tarehe kutokana na muda sharti awe na nukta moja ya kuanzia, kisha arudi nyuma au aende mbele. Kila utawala ulioachwa, uliorudiwa au uliokadiriwa kwa namba ya duara huisogeza jumla. Miaka yenyewe ni ya mwezi, yenye takriban siku 354, hivyo karne moja ya Hijria ni kama miaka 97 ya kalenda ya Gregori. Makosa hayo madogo hujikusanya.

Ndivyo ilivyotokea katika uandishi wa historia ya Kilwa. G. S. P. Freeman-Grenville, akizipanga tawala kwa urefu wake na kuzilinganisha na sarafu, aliufikisha mwanzo wa ukoo wa Shirazi karibu na mwaka 957. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa na kuchapisha matokeo yake katika majuzuu mawili mwaka 1974, aliona tabaka za udongo haziungi mkono mwaka huo, akamweka Ali bin al-Hasan mwishoni mwa karne ya 12. Baina ya wataalamu hao wawili kuna zaidi ya miaka 200, na wote wawili walifanya kazi kwa uangalifu.

Sasa achukuliwe mtunza kumbukumbu anayejaza uga wa tarehe unaodai mwaka, mwezi na siku. Mfumo haupokei neno *karibu*. Haupokei *kwa mujibu wa*. Ili aendelee na rekodi inayofuata, ataandika 1 Januari 957. Mwezi na siku amevizua kwa kulazimishwa na mashine, na mwaka ameugeuza kutoka dhana ya mtaalamu kuwa tukio. Miaka ishirini baadaye msomaji wa kanzidata hiyo hatakuwa na njia ya kutofautisha siku hiyo na siku ya kuzaliwa ya mwandishi, ambayo ni ya kweli.

Tiba yake ina hatua tatu. Kwanza, ihifadhiwe thamani kama ilivyoandikwa katika chanzo, kwa aina ya matini, bila kuguswa. Pili, ufasiri uwekwe katika nyuga tofauti: mwaka wa mapema kabisa unaowezekana na mwaka wa mwisho kabisa. Tatu, kila ufasiri uwe na ufunguo mgeni wa mtu aliyeutoa, ili Freeman-Grenville na Chittick wakae katika jedwali moja bila mmoja kumfuta mwenzake.

Pale ambapo hakuna taarifa, uga uachwe na thamani tupu. Hapa Kiswahili kinatoa onyo la kupendeza. Neno *sifuri* linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya utupu, lakini katika kanzidata sifuri na utupu ni vitu viwili. Sifuri ni jibu: imehesabiwa, haikupatikana hata moja. Utupu ni kukosekana kwa jibu. Mfalme ambaye urefu wa utawala wake haukuandikwa hakutawala kwa miaka sifuri. Akiandikiwa sifuri, wastani wa tawala zote utashuka, na historia itakuwa imesemeshwa lisilosemwa na yeyote.

5. Sarafu na nguvu ya mahusiano

Sarafu za shaba za Kilwa, zilizoorodheshwa kitaalamu na John Walker mwaka 1936, kwa kawaida hazina mwaka. Upande mmoja una jina la mtawala. Upande wa pili una kifungu cha kumtegemea Mwenyezi Mungu, ambacho mwisho wake hufanya kina na jina hilo. Kwa wasomaji wa ushairi wa Kiswahili, waliozoea kuona kina kikimlinda mshairi asipotee, jambo hili lina maana ya ziada: pale ambapo upande mmoja umelika, kina cha upande wa pili hupunguza idadi ya majina yanayowezekana. Katika usanifu huitwa kanuni ya uadilifu wa data. Thamani ya uga mmoja huisimamia thamani ya uga mwingine, na zisipopatana mfumo hushtuka.

Baadhi ya sarafu zina lakabu Nasir al-Dunya bila jina la mtu. Lakabu hiyo haina mwenzi dhahiri katika orodha za masimulizi. Katika lugha ya kanzidata ni rekodi yenye ufunguo mgeni usioelekea popote. Kuna kishawishi cha kumchagulia mfalme ili jedwali lijae, lakini lililo sahihi ni kuiacha nafasi hiyo tupu, kwa sababu utupu wake ni ushahidi kwamba orodha za masimulizi hazikukamilika au kwamba hazikusema kila jina.

Faida kubwa ya majedwali yaliyotenganishwa huonekana yanapounganishwa. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Miongoni mwa sarafu za fedha zipo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Hazina mwaka. Lakini dinari walizozikwa nazo ni za nje, zina mwaka, na ya karibuni zaidi ni ya 1066. Jedwali la sarafu peke yake halitoi tarehe, wala jedwali la mahali pa ugunduzi. Yakiunganishwa kwa ufunguo wa *hazina*, yanatoa hoja: huyu Ali aliishi mapema zaidi kuliko mwisho wa karne ya 12. Ama Ali wa Kilwa ndiye huyu, na ukadiriaji wa Chittick wahitaji kurudishwa nyuma, ama walikuwapo wawili wenye jina moja. Swali linarudi kwenye ufunguo: jina peke yake halitoshi.

Jedwali la mahali nalo lina simulizi zake. Sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, katika nchi iliyohusika na dhahabu iliyopitia Kilwa. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na sarafu za Kiholanzi. Rekodi hizi mbili haziwezi kupewa uzito mmoja. Ya kwanza ina muktadha wa kiakiolojia, ya pili ni ya kuokotwa. Uga wa *namna ya kupatikana* unaonekana mdogo, lakini bila huo ramani ya biashara ya Kilwa ingefika Australia kwa msitari mnene uleule unaofika Zimbabwe.

6. Watu waliogeuzwa idadi

Tarehe 14 Septemba 1776 mfalme wa Kilwa alitia sahihi mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice. Masharti yake yanaingia katika kanzidata bila taabu yoyote: watumwa 1,000 kila mwaka, bei piastre 20 kwa kila mmoja, na zawadi ya piastre 2 kwa mfalme kwa kila kichwa. Namba kamili, sarafu, tarehe. Hesabu yake ni rahisi pia: piastre 20,000 kwa mwaka, na 2,000 za mfalme. Ni rekodi safi kuliko zote zilizotajwa katika makala haya, na usafi huo ndio unaopaswa kumtia mashaka msomaji.

Mfalme ni rekodi. Morice ni rekodi. Mkataba ni rekodi. Watu elfu moja ni thamani ya uga ndani ya rekodi ya mkataba. Katika mpango wa Chen, jambo lenye jedwali lake linaweza kuwa na sifa na mahusiano: baba, mama, kijiji, lugha, jina. Jambo lililo sifa ya jambo jingine haliwezi. Mkataba uliwaweka watu hao upande wa sifa, pamoja na bei. Kwa hiyo uamuzi wa kwamba nani ni jambo na nani ni kiasi ulikwisha kufanywa kwa kalamu karne mbili kabla ya Codd. Kompyuta huurithi tu.

Msanifu hawezi kuyarudisha majina ambayo hayakuandikwa, na kuyabuni kungekuwa dhuluma ya pili. Lakini anaweza kukataa kuurithi mpango wa mkataba. Jedwali la *Mtu* linaweza kuwekwa tayari kupokea mtu asiye na jina, mwenye namba yake, mwenye uga wa jina ulio tupu. Siku hati nyingine ikitaja mtu mmoja aliyepitia Kilwa, atakuta nafasi yake ipo. Pia namba 1,000 sharti iandikwe kama ilivyo: kiasi kilichoahidiwa, si kiasi kilichosafirishwa. Uga wenye jina *idadi ya watumwa* ungezichanganya ahadi na tukio. Jina la uga nalo ni dai la kihistoria.

7. Tendaguru: alama isiyobadilika

Kilima cha Tendaguru kipo kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba hapo zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, ambayo wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Wataalamu waliotajwa kwanza katika vitabu ni Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini shughuli ya kila siku ya shimoni ilisimamiwa na Boheti bin Amrani, ambaye baadaye alifanya kazi pia na msafara wa Waingereza.

Mashimo yalipewa herufi, na mifupa ikaandikwa alama ya shimo lake. Kiunzi mashuhuri kuliko vyote kiliitwa S II, yaani mnyama wa pili wa shimo S. Mwaka 1914 Janensch alimpa mnyama huyo jina la kisayansi *Brachiosaurus brancai*. Mwaka 2009 utafiti wa Michael Taylor ulimtenga na *Brachiosaurus* wa Marekani na kumthibitisha kuwa *Giraffatitan brancai*. Kanzidata iliyotumia jina la spishi kama ufunguo ililazimika kubomolewa. Iliyotumia alama ya shimo na mnyama ilibadilisha thamani moja katika uga mmoja. Jina ni ufasiri, na ufasiri hubadilika. Ufunguo haupaswi kubeba ufasiri.

Kiunzi kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937, chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, kilikamilishwa kwa mifupa ya wanyama wengine wa Tendaguru. Mtazamaji huona mnyama mmoja. Jedwali huona wengi: kiunzi kimoja cha maonesho, mifupa mingi, wanyama kadhaa. Alama zilizoandikwa Lindi ndizo zinazomwezesha mtafiti wa leo kukitenganisha tena kilichounganishwa.

Fungu hili linapowekwa kando ya lile la mkataba wa 1776, tofauti ni chungu. Katika pwani hiyohiyo mfupa ulipewa alama yake binafsi, shimo lake na sanduku lake, ilhali binadamu walihesabiwa kwa jumla. Kwa wafanyakazi wa Tendaguru wenyewe marekebisho yamekuja polepole, na yamekuja kwa njia ya majina: *Australodocus bohetii* mwaka 2007, kwa heshima ya Boheti, na *Wamweracaudia keranjei* mwaka 2019, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje.

8. Hitimisho

Taasisi za Kiswahili zimekwisha kuanza kazi hii. Katalogi ya miswada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotayarishwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970 ni mpango wa rekodi na nyuga. Habari za kale za Kilwa, Lindi na Mikindani zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1907 zinasubiri kuingizwa katika majedwali, na hivyo hivyo utenzi wa vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, kazi moja yenye toleo la 1933 na toleo la 1957. Kazi, nakala na toleo ni majedwali matatu, si moja. Anayeyachanganya hufanana na anayemchanganya mfalme na utawala wake.

Uchunguzi huu unaacha kanuni nne kwa wanaotayarisha kanzidata za fasihi na historia ya pwani. Ufunguo usiwe jina. Neno la chanzo litenganishwe na ufasiri wake. Utupu uruhusiwe kubaki utupu. Na kabla ya kuamua kwamba watu fulani ni idadi, iulizwe ni nani aliyewafanya hivyo kwanza. Tatu za mwanzo hufundishwa katika kila kozi ya awali ya usanifu. Ya nne imeandikwa katika hati za Kilwa, kwa anayezisoma hadi kwenye nafasi zilizo wazi.